Tangu dhoruba ya 1872: Kizimkazi na njia za maji

Ukimuuliza mtu wa Kizimkazi, awe wa Dimbani au wa Mkunguni, kama kwao kuna mafuriko, atakujibu kwamba hakuna. Mafuriko ni ya mjini, Mwanakwerekwe na Sebleni na mitaa ya Ng'ambo iliyo bondeni. Au ni ya bara, Jangwani, Kilosa na Rufiji. Sisi huku kusini, masika yakipiga usiku kucha, kufika adhuhuri ardhi imeshakunywa maji yote na watoto wanacheza mpira.

Jibu hilo si la uongo, ila ni la nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya nikubali kamati iliponiomba niandike kurasa za historia katika kitabu cha changizo la mwaka huu. Mimi ni muhasibu, si mwanahistoria. Kazi yangu imenizoesha jambo moja linalofaa hapa: kabla ya kupanga matumizi ya mwaka ujao, fungua vitabu vya miaka iliyopita uone hasara iliingilia mlango gani.

Tuanze na ardhi yenyewe. Unguja ina ardhi za namna mbili. Upande wa magharibi kuna udongo mzito, vilima vidogo na vijito vinavyoteremka baharini, na huko ndiko ilikopandwa mikarafuu. Upande wa mashariki na kusini, hadi kwetu na Makunduchi, ni uwanda na maweni: jiwe la matumbawe ya kale, lililojaa matundu na mapango, na udongo mchache uliokusanyika katika vishimo vyake. Jiwe hili halishiki maji. Ndiyo maana hatuna mto, tuna visima na mapango, na ndiyo maana bibi zetu walipanda muhogo na kunde baina ya mawe badala ya kulima matuta marefu. Mvua inayomzamisha mtu wa Mwanakwerekwe kwetu hupotea chini ya miguu.

Wazee waliijua ardhi hii na walijenga kwa kuifuata. Msikiti wa Dimbani una maandishi ya kufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia, na ulijengwa upya katika karne ya 18. Wageni hupenda kusimuliwa habari za Mfalme Kizi na fundi Kazi aliyekatwa mkono, na wanaotembeza wageni hawawanyimi. Mimi hunivutia zaidi pahala penyewe palipochaguliwa: karibu na ghuba inayokinga vyombo, karibu na maji matamu, juu ya jiwe. Waliojenga pale walikuwa wameshaishi na masika na kusi muda mrefu kabla ya kutia chokaa ukutani.

Sasa tuje kwenye hasara kubwa kuliko zote zilizoandikwa katika kisiwa hiki.

Hadi mwaka 1872, mabaharia na matajiri wa mjini waliamini kwamba Unguja haifikiwi na vimbunga. Tuko kiasi cha digrii 6 tu kusini ya ikweta, na vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kawaida huzunguka mbali zaidi kusini, Mauritius, Bukini na Msumbiji. Tarehe 15 Aprili 1872, katikati ya masika, kimbunga kikapiga. Vyombo vilivyokuwa bandarini vilitupwa pwani na kuvunjika, zikiwemo meli za Sultani Barghash. Nyumba ziliezuliwa, minazi ikalala chini, na mikarafuu ya Unguja ikang'oka kwa wingi ambao wanahistoria wengi huukadiria kuwa thuluthi mbili. Ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari, majengo ya misheni ya Wakatoliki Bagamoyo nayo yaliharibiwa. Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito hata bara. Stanley, aliyekuwa njiani kurudi pwani kutoka Ujiji, alipita Simbamwene, Morogoro ya leo, akakuta mto umebomoa ukuta wa mji na kuchukua nyumba zake.

Pemba iliponea chupuchupu. Mikarafuu yake ilibaki imesimama, bei ya karafuu ikapanda, na wenye mitaji wakahamishia nguvu zao kule. Tangu hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu. Mtu akikuuliza kwa nini karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba na si Unguja ilikoanzia, mjibu kwamba ni upepo wa siku moja.

Kimbunga hicho hakikuja peke yake. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya watu mjini na mashamba, na daktari James Christie, aliyekuwa akiishi Unguja, aliyaandika aliyoyaona katika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Barghash alishika utawala mwaka 1870, hazina ikiwa tayari inachechemea. Mapema mwaka 1873 Sir Bartle Frere akaja kutoka Uingereza na mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Miongoni mwa hoja alizozitoa Barghash kuukataa ni kwamba nchi imetoka kuangushwa na dhoruba na haiwezi kubeba hasara nyingine. Tusiipambe hoja hiyo. Haikuwa ya kumtetea mvuvi wala mkulima mdogo, bali ya kutaka watumwa waendelee kuletwa ili mashamba yapandwe upya. Waingereza walitishia kuizingira bandari kwa manowari, na tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa saini na soko la watumwa likafungwa. Sisemi kwamba kimbunga ndicho kilicholifunga. Nasema kilimkuta mtawala hana akiba, na mtu asiye na akiba hujadiliana akiwa amekaa chini.

Angalia lakini kilichohesabiwa mwaka ule: meli, mikarafuu, majengo ya mjini. Vitu hivyo vilikuwa na wenyewe waliojua kuandika barua. Nyumba za fito na udongo za Wahadimu, mapaa ya makuti, ngarawa zilizokuwa zimepandishwa mchangani, mtama uliolazwa na upepo, havikuwa na mtu wa kuviandikia ripoti. Katika kazi yangu, mali ambayo haikuandikwa haina hasara, na mwenye mali hiyo hana cha kudai. Nitalirudia jambo hili, maana ndilo linalohusu fedha zenu.

Mjini kuna historia nyingine ya maji, nayo inatuhusu kwa sababu nusu yetu tunakaa huko. Mji Mkongwe zamani ulikuwa karibu uwe kisiwa. Mkono wa bahari uliingia kutoka Funguni, ukapita nyuma ya mji kuelekea Mnazi Mmoja, na wakati wa bamvua maji yaliuzunguka mji wote isipokuwa ulimi mwembamba wa ardhi upande wa kusini. Waliokaa upande wa pili wakaitwa watu wa Ng'ambo, na pahala pa kuvukia ni Darajani. Mkono huo wa bahari ulifukiwa kwa awamu zama za Waingereza, na leo tunapita juu yake kwa daladala bila ya kujua. Majina hayakufukiwa. Funguni ni Funguni, na Bwawani ni Bwawani hata baada ya kujengwa hoteli. Hata baraza za Mji Mkongwe, ambazo leo tunaziona ni za kupiga soga na kucheza bao, zilikuwa na kazi siku za mvua kubwa: uchochoro ukijaa, watu walipita juu ya baraza, nyumba hadi nyumba.

Mji ulipopanuka, watu wakajenga kwenye mabonde yaliyokuwa yakipokea maji ya mvua. Ziwa la Mwanakwerekwe lilikuwa likifunga barabara masika baada ya masika, na serikali ikachimba mitaro mikubwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mitaro hiyo imesaidia sana, wala sitaki kusikia anayesema haikusaidia. Lakini mtaro hupeleka maji pale tu ulipochimbwa.

Katika mtaa ninaokaa mimi palikuwa na kiwanja kitupu kilichobonyea. Masika maji yalijaa pale kama dimbwi, bata wakaogelea, baada ya wiki mbili pakakauka. Mwenye kiwanja akakifukia kwa vifusi, akazungusha ukuta. Masika yaliyofuata, saa tisa za usiku, maji yaliingia kwetu kwa mlango wa nyuma na kutoka kwa mlango wa mbele, na karo la jirani likafurika nayo. Tulipandisha magodoro juu ya kabati na watoto juu ya meza. Nilizihesabu gharama kwa senti: mota ya friji, magodoro mawili, milango iliyovimba, kusafisha kisima na kukitia klorini, fundi wa umeme. Mwishowe tulijenga kizingiti cha matofali cha kufika goti kwenye kila mlango, tukapandisha soketi za umeme hadi usawa wa kifua, na vyeti na hati tukavitia katika mfuko wa plastiki juu ya dari. Na kila mtu nyumbani, hata mtoto wa skuli ya msingi, anajua kwamba maji yakianza kuingia, cha kwanza ni kuzima umeme kwenye swichi kubwa, godoro baadaye. Nayaeleza haya ili mwenye nyumba bondeni ayafanye kabla, maana kwa bei ya mota ya friji tu kizingiti kinajengeka.

Sasa rudini Kizimkazi na mtazame kinachojengwa. Tangu kijiji chetu kilipojulikana duniani, kwanza kwa pomboo, kisha kwa kumtoa Rais Samia Suluhu Hassan aliyezaliwa hapa mwaka 1960, viwanja vimepanda thamani na kuta zimeongezeka. Simlaumu aliyeuza wala aliyenunua. Ila vishimo ambavyo maji yalizamia vinafukiwa, nyua zinamwagwa zege, na ukuta mrefu unakatisha njia ambayo maji yalikuwa yakiipita tangu enzi za wazee. Jiwe letu linakunywa maji pale tu linapobaki wazi.

Halafu kuna karo. Jiwe linalomeza mvua haraka humeza na kila kitu kingine haraka. Udongo wa magharibi huchuja uchafu, matundu ya maweni hayachuji. Karo lisilosakafiwa likichimbwa karibu na kisima, masika ya kwanza yatavikutanisha. Ukisoma habari za kipindupindu cha 1869 huku ukijua ardhi yetu ilivyo, utapima mwenyewe hatua baina ya karo na kisima. Na upande wa pili wa kisima kuna bahari: ukivuta maji mengi kwa pampu kubwa kiangazi, maji matamu yanapungua na ya chumvi yanapanda. Akina mama wanaochota wanaujua mwezi unaobadilisha ladha kuliko mhandisi yeyote.

Bahari yenyewe tunaijua, au tuseme baba zetu waliijua. Walihesabu mwaka kwa miongo, kumi kumi, kuanzia siku ya Mwaka ambayo wenzetu wa Makunduchi bado wanaikoga kila Julai, na nahodha aliweza kukwambia mwongo gani si wa kutweka tanga. Tofauti baina ya maji kujaa na kupwa kwetu hufika kiasi cha mita 4 wakati wa bamvua. Bamvua likikutana na upepo mkali wa kusi, wimbi hula mchanga na mizizi ya minazi. Likikutana na kimbunga, ndipo tunapoongea jambo jingine kabisa. Mwamba wa nje na mikoko ya Ghuba ya Menai ndiyo ukuta wetu wa bure, na ghuba imekuwa hifadhi tangu mwaka 1997. Lakini ukuta wa bure nao huchakaa. Joto la bahari la mwaka 1998 liliyafanya matumbawe mengi ya Afrika Mashariki kuwa meupe na kufa, na wanaolima mwani wanayaona maji ya moto yakiuozesha kambani.

Wapo wanaosema ya 1872 ni ya kale na hayatarudi. Aprili 1952, miaka 80 baadaye, kimbunga kilipiga Lindi na kuua watu. Aprili 2019 Kenneth kilishuka Cabo Delgado, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Mtwara, baada ya kupita Ngazija. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia, na boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimama. Wavuvi wetu wanaokwenda dago wanajua Mafia si mbali. Hata tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoanzia Sumatra, ilivuka bahari nzima na kuua waogeleaji Dar es Salaam, na ingefanya makubwa zaidi kama isingetukuta maji yamekupwa.

Watu wa Kizimkazi wametawanyika, na kila walipo pana balaa la pahala hapo. Aliyeko Bukoba alitikiswa na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Aliyeko Manyara aliona tope la mlima Hanang likishuka Katesh tarehe 3 Desemba 2023. Katika masika ya 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua zimeshaua watu 155 nchini. Ndugu zetu wa Oman waliona Gonu Juni 2007 na Shaheen Oktoba 2021, na nchi ile kavu ikageuka mito: wadi iliyokuwa barabara jana, leo inachukua gari. Kwao kanuni ni moja, usivuke wadi inayotiririka hata kama magurudumu ni makubwa. Anayehamia mji mgeni aulize wenyeji swali ambalo dalali wa nyumba hatalijibu: maji yanapita wapi hapa, na mara ya mwisho yalifika wapi? Bukoba aulize habari za nyufa. Katesh aulize habari za mlima.

Zanzibar sasa tuna sheria ya kukabiliana na maafa ya mwaka 2015, na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa iliyoanzishwa kwa sheria hiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari siku kadhaa kabla, jambo ambalo watu wa 1872 hawakulipata hata kwa saa moja. Haya ni makubwa. Lakini usiku wa kwanza ni wa jirani na sheha, na kilichopo ni kile kilichokwishawekwa.

Hapa ndipo ninapofika kwenye fedha. Jumuiya yetu imekuwa ikichanga baada ya jambo kutokea. Nyumba ikiezuliwa, kofia inapita msikitini na ujumbe unapita kwenye simu, na mwenye ndugu wengi nje hupata zaidi ya mjane asiye na mtu. Ninapendekeza tutenge mfuko wa maafa unaosimama peke yake katika hesabu, usiochanganywa na wa madrasa wala wa safari za timu ya mpira. Chukueni mfano: nyumba 300 zikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, ni shilingi 7,200,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu bila kuguswa ni 21,600,000. Kwa fedha hizo tunaweza kuweka bati, misumari na maturubai ghalani kabla ya Machi, na kuvisafisha na kuvifunika visima vya jamii. Aliyeko Muscat au London akitoa mara kumi ya hapo hatumzuii. Kila Disemba hesabu zibandikwe ubaoni pale pale Dimbani na Mkunguni, si kusomwa tu mkutanoni kwa haraka.

Pamoja na mfuko, kuwe na daftari. Daftari la kawaida, la jalada gumu, moja kwa kila shehia. Ndani yake iandikwe nyumba ya nani iliingia maji au iliezuliwa, mwezi gani, maji yalifika wapi, chombo cha nani kilivunjika, kisima gani kiligeuka chumvi na lini. Wazee waanze na wanayoyakumbuka. Asiyejua mwaka ataje tukio: mwaka wa harusi ya fulani, mwaka ule mnazi ulioangukia skuli, vijana wataupata mwaka kwa kuuliza wengine. Na iandikwe pia kila kishimo cha maji kilichobaki wazi, pahala kilipo, ili atakayeleta ramani ya kiwanja kwa sheha aonyeshwe kabla ya kifusi cha kwanza kumwagwa.

Nimeshanunua madaftari mawili, nimemkabidhi katibu. Vijana wawili waliomaliza kidato cha sita wamekubali kuzunguka nayo baada ya sala ya alasiri, wakianzia nyumba za pwani ya Mkunguni. Wakibisha hodi kwenu, wapeni kiti na muda, na mwiteni bibi aliye ndani.